Tiketi ya Pointi na Jina Ambalo Mama Halitamki

Ijumaa jioni, Dodoma mjini.

Leo upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi. Lile wingu la juzi lililotufanya tuanue nguo na kutega ndoo limekwenda kunyesha kwa watu wengine. Mahindi ya jirani yetu pale Ipagala yamejikunja majani, na mimi nimejikunja roho. Naandika haya kwenye kompyuta ya ofisini kwa sababu bosi amekwenda Morogoro. Kama atakuja kusoma, shikamoo bosi, nilimaliza kazi zote kwanza.

Nimechoka na ndege ambayo sijawahi hata kuipanda.

Ngoja nieleze vizuri, maana wiki nzima nimekuwa nikieleza haya kwa watu wasiotaka kuelewa. Mdogo wangu Lea ameolewa na kijana wa kwetu, Mgogo wa Bahi, ambaye ni mhandisi wa visima na wanaishi Uholanzi. Kazi ya shemeji yangu ni kupanda ndege kama sisi tunavyopanda basi la Kongwa, na kila akipanda, shirika la ndege linamwekea pointi. Pointi zikijaa, unazibadilisha kuwa tiketi. Shemeji alizikusanya kwa miaka, na angeweza kwenda nazo matembezi popote. Badala yake amemkatia tiketi Mama.

Mama anakwenda kwa sababu Lea anajifungua mwisho wa mwezi huu. Mwaka jana Lea alipoteza mimba, kule, peke yake, mumewe akiwa safarini kazini na mimi huku nikimsikiliza akilia kwenye simu mpaka vocha ikaisha. Sijasahau jioni ile. Safari hii alisema neno moja tu, kwamba anamtaka Mama awepo kabla uchungu haujaanza. Hakuomba nguo za mtoto wala kitanda. Basi Mama amekwishasaga unga wa uwele wa uji wa mzazi, amekausha mlenda, amefunga karanga. Mzigo uko tayari chini ya kitanda na harufu yake imejaa nyumba nzima.

Mpango ulikuwa umekaa sawa. Jumatatu tunapanda basi kwenda Dar, tunalala kwa binamu yetu. Jumanne asubuhi tunachukua pasipoti ya Mama ubalozini, maana viza itatoka siku hiyo na si kabla, wamesema na hawabembelezeki. Jumanne usiku Mama anapanda ndege.

Jumanne ya wiki hii ikaja barua pepe. Kiingereza kizuri, cha heshima, hakuna sababu iliyotajwa. Ratiba "imeboreshwa". Ndege ya usiku haipo tena siku hiyo, Mama amehamishiwa ya alfajiri. Yaani ndege itakuwa angani wakati pasipoti yake bado iko kwenye droo ya ubalozi.

Imeboreshewa nani?

Nikapiga simu. Kituo chao cha huduma kiko Nairobi, na kabla hujampata binadamu unapigiwa muziki mrefu, kisha sauti inakwambia ubonyeze hiki, ubonyeze kile. Jumatano nikampata kijana mmoja. Akaniambia nina njia mbili: nikubali ndege ya alfajiri, au nirudishe tiketi na pointi zirudi kwa mwenyewe. Nikamwuliza, je, shemeji akikata upya? Akasema atakata, lakini viti vya pointi vinapatikana mwishoni mwa mwezi ujao. Nikamwambia mtoto atakuwa amekwisha zaliwa na kupata chanjo. Akasema pole.

Nikamwuliza kama ndege ya Alhamisi usiku, siku mbili baada ya ile yetu, imejaa. Akasema haijajaa, viti vipo vingi. Ila si viti vya watu wa pointi.

Hapo ndipo nilipoanza kuzungumza peke yangu ofisini. Kiti kitupu kinaondoka kitupu, na mama yangu amebaki Dar, kwa sababu kiti kile si cha aina yake. Nilimwuliza yule kijana kama kiti cha pointi kina matairi yake. Hakucheka.

Zamani, nakumbuka Baba, Mungu amrehemu, akisafiri kikazi, kulikuwa na shirika moja, dirisha moja, na karani mmoja aliyenuna. Ukikosa nafasi unajua ni nani umkasirikie, na jioni unamkuta kanisani. Sasa soko ni huria, makampuni yamejaa, matangazo yanatuita wafalme. Mimi mfalme wiki hii nimesikiliza muziki wa simu mpaka nauimba nikipika. Sitetei ya zamani, tulikosa hata sabuni. Nasema tu kwamba nilimkumbuka yule karani aliyenuna.

Jana nikafanya jambo ambalo nilitakiwa kulifanya mapema. Niliingia kwenye mtandao nikatafuta watu waliopatwa na haya. Kumbe huko duniani kuna watu ambao kulumbana na mashirika ya ndege ndiyo starehe yao! Wanaandikiana kurasa na kurasa. Mmoja wao alieleza jambo ambalo hakuna aliyeniambia Nairobi: ukiomba mwenyewe kubadilisha tiketi ya pointi, unabanwa na viti vya pointi, lakini kama shirika ndilo lililobadilisha ratiba, unaweza kudai wakufungulie kiti chochote kilicho kitupu karibu na siku yako. Usiombe, aliandika. Dai. Na ukikataliwa, kata simu upige tena mpaka umpate anayeijua kanuni.

Nikapiga, nikadai, nikakataliwa. Nikakata. Nikapiga tena.

Wa pili alikuwa mwanamke, mtaratibu, sauti ya mtu aliyelea wadogo zake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, kanuni hiyo ipo, ila haitangazwi. Akanishikia kiti cha Alhamisi ijayo usiku, mpaka leo Ijumaa kabla hajatoka kazini. Akanipa na namba ya kumpata moja kwa moja. Nilitaka kumbusu kupitia waya. Ndipo akaleta masharti. La kwanza, mwenye pointi apige mwenyewe kuomba, si shemeji yake, si mkewe. La pili, kwa kuwa msafiri si mwenye pointi, naye athibitishe kwa sauti yake: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, na jina kamili la mtu aliyemkatia tiketi. Ni usalama, alisema, watu wanaibiana pointi.

La kwanza lilifanyika jana hiyohiyo. Lea alimsaka mumewe huko kazini, naye mume akapiga Nairobi, akaomba. Nikalala nikijua imebaki kazi ndogo.

Kazi ndogo!

Kwa wasiotujua, sisi Wagogo mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Vijana wa mjini tumelegeza mengi, lakini Mama hajalegeza hata moja. Siku Shemeji alipokuja na wazee wake kuposa, Mama alikuwa chumba cha ndani mpaka walipoondoka. Kwenye harusi walikaa pande mbili za ukumbi, na keki ya mama mkwe ilipelekwa na shangazi. Shemeji akija likizo, anasimama nje ya uzio, anaita, Mama anaitika kutoka jikoni, wanajuliana hali kupitia ukuta kwa upole wote, na biashara imekwisha. Hajala mbele yake. Na jina lake halijapata kutoka mdomoni mwa Mama. Ni "mwenzake Lea", au "baba wa nyumba ile". Si chuki. Mama anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na ana haki.

Mimi, msomi wa familia, katibu muhtasi mwenye cheti, niliyajua haya yote na sikuyafikiria hata kidogo nilipoyakubali masharti ya Nairobi.

Mchana nikakimbia nyumbani. Nikamkalisha Mama sebuleni, nikaweka simu mezani kwa spika. Yule dada akamsabahi, "Habari yako, mama." Mama akasubiri shikamoo. Haikuja. Akaitika hivyohivyo, lakini nikaona amemwandikia alama kichwani. Jina lake akalitaja vizuri. Tarehe ya kuzaliwa akaitaja ile ambayo karani wa pasipoti alimchagulia. Nikaanza kupumua.

"Sasa mama, hebu nisaidie na jina ya huyo alikukatia tiketi."

"Ni mkwe wangu."

"Sawa, lakini jina yake."

"Ndiye aliyemwoa binti yangu Lea."

"Nimeelewa, mama. Anaitwa nani?"

Mama akafikiri, akataka kumsaidia. "Ni mtu wa kule Bahi. Ukivuka majaruba ya mpunga, nyumba ya bati upande wa kulia. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, kuna dume moja jekundu lilivunjika pembe."

"Mama, hapa kwa kompyuta hakuna ng'ombe."

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nilimwashiria Mama kwa macho, nikamwashiria kwa mikono, mwisho nikasahau adabu nikamwambia kwa sauti kubwa: "Mama, ni jina tu! Litaje!" Mama akanigeukia taratibu. "Debora. Nimtaje mkwe wangu mbele yako, na mbele ya mtu nisiyemjua, kama namwita muuza maji?"

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kiti kitakwenda, Lea atajifungua peke yake, na yeye atakuwa hapa amekaa na heshima yake. Nilimwambia mila haina viza. Sijawahi kusema na mama yangu hivyo. Alitazama sakafu, na nikaona machozi yakimlenga, nikajichukia papo hapo lakini sikurudi nyuma, maana nilikuwa nikimwona Lea tu.

Ndiyo, nilifikiria kujifanya mimi ndiye Mama. Nakiri. Ila yule dada alikwisha sikia sauti zote mbili, na Mama asingekaa pale kusikiliza nikidanganya. Nikamwomba yule dada alisome yeye hilo jina, Mama aseme ndiye. Akasema akilisoma atakuwa amempa jibu, na simu zinarekodiwa. Mwenye pointi angalau alikuwa na namba yake ya siri ya kumthibitisha. Msafiri hana kingine.

Kisha akaiacha ile sauti ya ofisi.

"Lakini nyinyi ni watu wa ajabu," alisema. "Huyo mwenye pointi jana pia amenisumbua hivi hivi. Nimemwuliza jina ya msafiri, akakataa kusema. Ananiambia ni mama ya mke wangu. Nikamwambia hiyo si jina. Akaniambia dada, nisamehe, hilo siwezi kulitamka, lisome wewe nitaitika. Mtu mzima, injinia! Nikamsomea. Na bado nikasikia kama ameinuka kwa kiti."

Mama aliinua kichwa.

"Alikataa?" aliuliza.

"Alikataa kabisa, mama."

"Kule Ulaya?"

"Kule kule."

Kwa jinsi alivyouliza, ndipo nilipojua jambo nililokaa naye nyumba moja bila kulijua. Mama alikuwa anaogopa kwenda. Wiki zote hizi za kusaga unga na kufunga karanga, alikuwa akijiuliza ataishi vipi chini ya bati moja na mkwe aliyekaa miaka mingi kwa Wazungu, ambaye huenda atamsalimia kwa mkono, atamketisha naye mezani, atamwita kwa jina lake mbele ya wageni. Alikuwa anajiandaa kuyameza hayo yote kwa ajili ya Lea, na hakuniambia. Mimi nilidhani anachoogopa ni ndege.

Alichukua simu mezani. Akaniuliza jinsi ya kuzima ile spika, nikaizima. Akajifunga kanga vizuri, akatoka nayo uani, akapita banda la kuku, akasimama kule mwisho wa uzio ambako hakuna mtu, akanipa mgongo. Nilimwona akifunika mdomo kwa kiganja. Upepo ulikuwa unavuma na mimi nilibaki mlangoni. Sikusikia kitu.

Aliporudi alinipa simu bila kunitazama. Yule dada alikuwa bado yuko hewani, sauti imemlainika. Akasema imekwisha, Alhamisi usiku, kiti cha dirishani, tiketi mpya inakuja kwa barua pepe. Akaniambia nimwambie mama, shikamoo. Sijui nani alimfundisha.

Mama aliomba maji, akanywa kikombe chote akiwa amesimama. Nikataka kumwomba radhi kwa maneno niliyosema, akanikatisha kwa mkono. Alikuwa na jambo lake.

"Lea usimwambie."

Nikamwuliza kwa nini, mbona amefanya kwa ajili yake. Akasema akimwambia Lea, Lea atamwambia mumewe, wake na waume hawafichani. Na yule mtoto wa watu amejizuia mpaka mbele ya mashine, halafu asikie kwamba mama mkwe wake hakuweza kujizuia. "Nitamtazamaje?" akasema. Ingawa ukweli ni kwamba hana mpango wa kumtazama.

Nikaahidi. Nikaingia jikoni nikajifanya nachambua mchele, nikalia.

Nilipompigia Lea kumwambia kiti kimepatikana, alimshukuru Mungu. Halafu akaniambia kwamba mumewe ameomba chumba kwa rafiki yake wa kazini, mtaa wa pili, na ataanza kulala huko siku Mama atakapoingia. Ameshahamisha na nguo. Atakuwa anakuja mchana, atapiga hodi, atasubiri Mama apite chumba cha pili ndipo aingie kwake mwenyewe. Lea alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyechoka na mimba na mila kwa pamoja, na nikajua anatabasamu.

Kisha akauliza. "Wale watu hawakumtaka Mama ataje jina? Huku walimsumbua mwenzangu."

Nikasema walitaka, lakini yule dada wa Nairobi alikuwa mwelewa, akalisoma yeye.

"Afadhali," Lea akasema. "Ingemuua."

Sasa nimekaa hapa ofisini, tiketi imetoka kwenye printa na bado ina joto. Hasira yangu haijaisha, isipokuwa imehama. Najua Lea hasomi blogu hii, aliniambia ninaandika marefu mno, na kwa mara ya kwanza nashukuru. Jumatatu alfajiri nitampeleka Mama stendi. Sitamwuliza kamwe alilitamka vipi, kwa sauti gani, mara ngapi. Nimeisoma karatasi hii tangu juu mpaka chini, kila herufi, kama ninatafuta makosa mengine ya kuwapigia simu. Jina la Mama liko sawa, siku iko sawa, saa iko sawa. Kwenye nafasi ya nauli wameandika sifuri.